Jina la ugonjwa lije mwisho: makosa yanayofundisha kusoma picha ya kifua

Wiki za kwanza mbele ya picha za eksirei za kifua zina taabu yake. Unaambiwa uangalie pale chini upande wa kulia, unakodoa macho, unaona wingu tu. Baada ya mwezi mmoja au miwili mambo yanageuka, unaanza kuona ugonjwa kila mahali. Mshipa wa damu ulioelekea kwako kwa ncha unaonekana uvimbe. Kivuli cha chuchu kinaonekana saratani. Ukingo wa kombe la bega unaonekana pafu lililopasuka. Hali hii ya pili ina madhara kuliko ya kwanza, maana sasa yuko mgonjwa anayelala siku tatu na hofu, anayepelekwa siti skani yenye mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, au anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita kwa sababu ya kovu lililopona zamani.

Wengi tunaosoma picha hizi tumepita njia hiyo, na makosa yetu mengi yana chimbuko moja. Tuliukimbilia ugonjwa kwa jina kabla hatujamaliza kutazama.

Kazi inaanzia nje ya pafu. Soma jina, umri, tarehe, na alama ya kulia au kushoto. Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwako unayetazama. Wako watu waliozaliwa moyo ukiwa upande wa kulia, lakini mara nyingi moyo ukionekana huko ni picha iliyogeuzwa. Tafuta alama ya mpigapicha, kisha tafuta hewa ya tumbo, ambayo kwa kawaida hukaa chini ya kiwambo cha kushoto, yaani upande wa kushoto wa msuli unaotenga kifua na tumbo. Ukikosa uhakika, usiandike kitu. Mpigie simu aliyepiga picha. Kosa la upande ndilo linalomfanya mtu atobolewe upande wa kifua usio na ugonjwa badala ya ule unaoumwa.

Kisha jiulize picha ilipigwaje. Picha nzuri ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kimegusa bamba la kupokea picha, na mashine iko mgongoni kwake umbali wa sentimita 180 hivi. Mgonjwa asiyeweza kusimama hupigwa akiwa kitandani, bamba likiwa mgongoni na mashine ikiwa mbele yake, umbali wa kama sentimita 100. Tofauti hii si ndogo. Weka mkono wako kati ya taa na ukuta: ukiusogeza karibu na ukuta kivuli kinakuwa na ukubwa wa mkono, ukiusogeza karibu na taa kivuli kinavimba na kingo zake zinafifia. Moyo uko upande wa mbele wa kifua. Kwa aliyesimama uko karibu na bamba, kivuli chake ni cha kweli. Kwa aliyelala uko mbali na bamba, na kivuli kinapanuka.

Kanuni ya kwamba upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua ni ya mtu mzima aliyepigwa amesimama. Kuipima, shusha mstari wa wima katikati, pima kutoka hapo hadi ukingo wa moyo ulioenda mbali zaidi kulia, halafu kushoto, jumlisha, ugawanye kwa upana mkubwa wa kifua ukipima ndani ya mbavu. Moyo wa sentimita 14 katika kifua cha sentimita 30 hauna shida. Moyo huo huo mgonjwa akiwa amelala unaweza kusoma 16, na mtu akaandikiwa moyo mkubwa asio nao. Usipoandikiwa jinsi picha ilivyopigwa, tazama makombe ya mabega. Aliyesimama vizuri husukuma mabega mbele na makombe hutoka nje ya mapafu, aliyelala hubaki nayo juu ya mapafu.

Pumzi nayo ihesabiwe, isikadiriwe kwa macho. Mbavu za nyuma hulala karibu kwa usawa, za mbele huteremka kwa mshazari kuelekea katikati. Mgonjwa aliyevuta pumzi vizuri huonyesha mbavu 6 za mbele, au 9 hadi 10 za nyuma, juu ya kiwambo cha kulia. Zikionekana 4 za mbele tu, mapafu yamebanwa, mishipa ya chini imesongamana, moyo umelala, na chini kote kumekuwa na weupe. Nimonia nyingi za kubuni huzaliwa hapo. Dawa yake ni kurudia picha na kumweleza mgonjwa kwa upole avute hewa aishike, au, kama hawezi, kuandika wazi kwamba pumzi ni fupi na sehemu za chini haziwezi kuamuliwa.

Mgonjwa aliyegeuka kidogo hutambulika kwa mitulinga. Ncha zake za ndani ziwe na umbali sawa kutoka kwenye miiba ya pingili za mgongo. Zisipolingana, pafu moja litaonekana jeusi kuliko lenzake na katikati ya kifua patakuwa pamepanuka bila ugonjwa wowote.

Ukishajua picha inaaminika kiasi gani, ndipo uingie ndani. Eksirei inatofautisha mambo matano tu: hewa ni nyeusi, mafuta ni kijivu kilichoiva, nyama na maji ni kijivu cheupe, mfupa ni mweupe, chuma ni cheupe kupita vyote. Damu, usaha, maji na misuli vyote vina rangi moja. Kwa hiyo picha haiwezi kukwambia kilichojaa ndani ya pafu ni usaha au damu. Inakwambia tu kwamba mahali penye hewa pana kitu kingine. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii huko Würzburg mwezi Novemba 1895, mkono wa mkewe alioupiga picha mwezi uliofuata ulionyesha mifupa na pete, nyama ikawa kivuli hafifu. Kikomo hicho hakijaondoka.

Kutokana na kikomo hicho inatoka hila moja yenye faida kuliko zote. Ukingo unaonekana pale tu vitu viwili vyenye rangi tofauti vinapogusana. Ukingo wa moyo unauona kwa sababu nyama ya moyo imegusana na hewa ya pafu. Pafu likijaa maji pale pale linapougusa moyo, ukingo unapotea. Pafu likijaa nyuma, mbali na moyo, weupe utakuwepo lakini ukingo utabaki. Benjamin Felson, daktari wa picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni hii tangu 1950, na hadi leo kila anayefundisha hurudi kwake. Ukingo wa kulia wa moyo umepotea? Tatizo liko sehemu ya kati ya pafu la kulia. Ukingo wa kushoto? Ni kiulimi, kile kipande cha chini cha sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Kiwambo kimefutika? Ni sehemu ya chini. Kwa hiyo badala ya kukodolea macho weupe, fuata kingo. Weka kidole kwenye kioo kama ni lazima, pitisha kwenye ukingo wa moyo, shuka kwenye kiwambo, zunguka hadi pembe ya nje. Kidole kikikosa mstari wa kufuata, simama hapo.

Hapa pana kona moja inayowatesa wengi, nyuma ya moyo upande wa kushoto. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ikinywea, hujikunja kama tanga dogo na kujificha nyuma ya kivuli cha moyo. Mtu akitazama haraka anaona mapafu mawili meusi na moyo wa kawaida. Ukikaza macho utaona moyo wenyewe una weupe wa aina mbili, na mstari mnyoofu wa mshazari unapita ndani yake. Kiwambo cha kushoto, ambacho ungetarajia kukifuata nyuma ya moyo hadi karibu na pingili, kinakatika njiani. Shina la pafu la kushoto, mahali mishipa inapoingilia, kwa kawaida liko juu kidogo kuliko la kulia. Likiwa limeshuka chini ya la kulia, kuna kinacholivuta. Kwa mtu mzima, hasa mvutaji sigara, pafu lililonywea bila sababu ya wazi linadai kutafutwa uvimbe ulioziba njia ya hewa. Kuliita nimonia na kumpa vidonge ni kumpotezea miezi.

Nusu nzima ya kifua ikiwa nyeupe, wanaoanza huogopa. Kumbe ni moja ya picha rahisi kuzipanga, kwa sababu jibu liko kwenye bomba la hewa. Likiwa limesukumwa kwenda upande wenye afya, kuna kitu kimeongezeka, na mara nyingi ni maji mengi kuzunguka pafu. Likiwa limevutwa kuelekea upande mweupe, pafu limenywea, au liliondolewa kwa upasuaji. Likiwa katikati, huenda pafu limejaa mahali pake, au maji na kunywea vimelingana nguvu. Pafu lililojaa huku njia za hewa zikiwa wazi huonyesha vijitawi vyeusi vikipita ndani ya weupe. Ukiviona, umepata ushahidi kwamba weupe uko ndani ya pafu, hauko nje yake.

Maji machache yana udanganyifu wake. Kwa aliyesimama inahitajika kama mililita 200 ndipo pembe ya nje kati ya mbavu na kiwambo izibe katika picha ya mbele. Picha ya ubavu huonyesha kuanzia kama mililita 50. Kwa aliyelala maji husambaa mgongoni, na unachoona ni pafu lililofunikwa kama kwa shela, mishipa ikionekana kupitia weupe. Ukishuku, omba ultrasaundi. Haina mionzi, huona maji kidogo, na humwonyesha daktari pa kuchoma sindano.

Sasa weusi. Hewa iliyovuja nje ya pafu huwa na mambo mawili, na lazima uyaone yote: mstari mwembamba mweupe wa utando wa pafu, uliofuatana na ukuta wa kifua, na ng'ambo ya mstari huo kusiwe na mshipa hata mmoja. Ikuze picha. Tazama juu kabisa, nyuma ya mtulinga, kwa sababu kwa aliyesimama hewa hupanda huko.

Adui wa utambuzi huu ni mkunjo wa ngozi. Mgonjwa mkondefu au mzee akilalia bamba, ngozi ya mgongo hujikunja na kutoa ukingo mrefu unaofanana kabisa na pafu lililoachana na ukuta. Utazame kwa karibu. Mkunjo hauna uzi mweupe. Ni mahali kijivu kinapokoma ghafla na weusi kuanza. Mishipa ya pafu inaendelea kupita ng'ambo yake. Na mara nyingi ukiufuata unavuka mbavu na kutoka nje ya kifua, jambo ambalo pafu haliwezi kufanya. Mtu aliyechomekwa mpira kifuani kwa ajili ya mkunjo wa ngozi hupata jeraha la bure, na wakati mwingine hewa iliyokuwa haipo ikaingia kweli.

Kwa aliyelala, hewa hupanda mbele na chini, juu ya kiwambo. Hutaona mstari wa kawaida. Utaona pembe ya nje imekuwa ndefu, nyeusi, imezama kuelekea tumboni. Nami nasisitiza hili: mgonjwa anayehema kwa shida, shinikizo la damu linashuka, upande mmoja wa kifua hauingizi hewa, hangojei picha. Hewa inayobana namna hiyo inatolewa kwanza.

Ukiwa huko chini, tazama chini ya kiwambo pia. Mwezi mwembamba mweusi chini ya kiwambo cha kulia, juu ya ini, kwa mtu mwenye maumivu makali ya tumbo ni utumbo au tumbo lililotoboka hadi ithibitike vinginevyo. Mgonjwa akae wima kama dakika 10 kabla ya kupigwa ili hewa ipate kupanda. Upande wa kushoto usikimbilie, maana hewa ya kawaida ya tumbo iko hapo hapo. Na upande wa kulia, utumbo mpana huweza kujipenyeza kati ya ini na kiwambo. Tofauti utaijua kwa mikunjo ya utumbo inayoonekana ndani ya weusi huo.

Moyo unaoshindwa kazi huandika kwa utaratibu. Kwanza mishipa ya juu inanenepa kuliko ya chini. Halafu vinatokea vistari vifupi vya mlalo, vya sentimita 1 hadi 2, pembeni chini, vinavyogusa utando wa pafu. Kisha weupe unaenea kutoka katikati kwenda nje pande zote mbili kama mbawa, na maji yanajaa pembe. Ukiona pande mbili zimeathirika kwa usawa, moyo ni mpana, na mgonjwa hana homa, fikiria moyo kabla ya nimonia.

Kifua kikuu kwa mtu mzima hupenda juu ya pafu, na shimo lenye ukuta mnene huko ni dalili nzito. Lakini kovu nalo hukaa juu. Nyuzi ngumu, chembe za chokaa nyeupe kama mfupa, shina la pafu lililovutwa juu, vyote vyaweza kuwa vya miaka 20 iliyopita. Picha moja haiwezi kuapa kwamba ugonjwa uko hai au umelala. Makohozi ndiyo yanayoamua, pamoja na picha ya zamani ikipatikana. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachosahaulika: mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu na picha isiyo na kasoro, au yenye matezi tu, au weupe wa chini usiofanana na ule wa vitabuni. Zile punje za milimita 1 hadi 3 zilizotapakaa mapafu yote, zilizofananishwa na mbegu za mtama, hupotea kabisa picha ikiungua kwa mionzi kupita kiasi.

Kwa watoto wachanga kuna tezi ya thaimasi, iliyo mbele ya moyo kwa juu, pana, yenye ukingo kama tanga, na imewatia wazazi wengi hofu ya uvimbe. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kitu cha kawaida.

Kosa linalouma zaidi ni la picha uliyoisoma vizuri nusu. Umeona maji, umefurahi kuyaona, umeandika maji. Juu yake, nyuma ya mtulinga, kuna uvimbe wa sentimita mbili. Ukipata jibu moja macho hulegea yenyewe. Hata wabobezi hawajaepuka. Mwaka 2013 ilichapishwa Marekani tafiti ambamo mabingwa 24 wa picha walipewa siti skani za mapafu watafute vivimbe, na katika picha za mwisho ikapachikwa sura ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha wastani. Mabingwa 20 hawakuiona. Vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya hao 20 macho yao yalitua pale pale ilipokuwa.

Kwa hiyo kuwe na mzunguko wa mwisho usiotegemea ulichokwisha kupata: ncha za juu za mapafu, mashina mawili ya pafu, nyuma ya moyo, chini ya viwambo, mbavu moja moja, mabega, na kingo za picha. Ukiona duara dogo chini ya kifua, tafuta lenzake upande wa pili. Zikilingana, huenda ni chuchu, na picha ikirudiwa na vialama vya chuma kwenye chuchu jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Halafu tafuta picha ya zamani. Kivimbe kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kina uzito mdogo sana kuliko kile ambacho mwaka jana hakikuwepo. Dakika tano za kuitafuta picha ya zamani humwokoa mtu na sindano ya kutoboa pafu.

Ndipo uandike. Taja kilichoonekana, kiko wapi, kina ukubwa gani, kingo zipi zimepotea, kuna kusukuma au kuvuta. Kisha ndiyo ulete jina, pamoja na kiasi cha uhakika wako. Mfano: "Weupe usio na mpaka mkali chini kulia. Ukingo wa moyo upo, kiwambo kimefutika. Hakuna kunywea wala maji. Inaelekea nimonia ya sehemu ya chini. Picha irudiwe baada ya wiki 6." Hizo wiki 6 usiziache. Homa hupona kabla ya picha, na uvimbe uliojificha nyuma ya nimonia hujitokeza weupe unapobaki bila kuondoka. "Haina kasoro" nayo iandikwe kwa tahadhari. Damu iliyoganda katika mishipa ya pafu huweza kumuua mtu mwenye eksirei safi.

Imebaki mipira. Mpira wa kupumulia, ncha yake ikae kama sentimita 5 juu ya njia panda ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kuingia mapafu mawili, shingo ikiwa imenyooka. Kidevu kikiinama, ncha hushuka kama sentimita 2, kichwa kikiinuliwa nyuma, hupanda vivyo hivyo. Ukizama sana huingia tawi la kulia, ambalo limesimama wima zaidi, na pafu la kushoto linanywea. Mpira wa kulishia una maswali manne: Umeshuka katikati ya kifua? Umepita njia panda moja kwa moja, bila kufuata tawi la kulia wala la kushoto? Umevuka kiwambo katikati? Ncha yake inaonekana chini ya kiwambo cha kushoto? Jibu moja likiwa hapana, au ncha ikiwa haionekani kwa sababu picha imekatwa juu mno, mpira huo hautumiki, maana uji ukiingia pafuni unaua.

Hilo halingoji ripoti ichapwe. Inua simu, piga wodini, zungumza na anayemhudumia mgonjwa, na umwombe arudie maneno yako: mpira usitumike, utolewe. Kisha andika chini ya ripoti saa uliyopiga na jina la aliyepokea.